Diski Iliyobisha Hodi

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa sauti yake kabla ya sura ya mtu yeyote. Mama Atieno alikuja dukani kwetu Kware, tulipokuwa tukitengeneza kompyuta, chini kabisa ya gorofa, mahali ambapo hata saa sita mchana ni lazima taa iwake. Alikuwa amefunga diski ya kompyuta ndani ya leso. Bintiye Atieno alikuwa amezikwa, na sauti zote alizojirekodi zilikuwa humo. Kisha stima ikaruka, umeme ukazidi nguvu, ukaichoma bodi ya diski, kile kibao cha nyaya kinachoiendesha.

"Picha ninazo," alisema. "Nataka nimsikie tu."

Mimi, kijana mwenye haraka zangu, nikatoa bodi kwenye diski nyingine ya aina ileile, nikaifunga kwenye yake. Ikazunguka vizuri. Nilikuwa nimeanza kutabasamu ilipogonga: ngo, ngo, ngo. Ikanyamaza. Ngo.

Mama Atieno akashika meza. "Ni yeye. Hivyo ndivyo alikuwa anabisha hodi."

Nywele zilinisimama, sikufichi. Hata hivyo nikanyoosha mkono kuilazimisha isome tena. Mzee Njoroge, aliyenifundisha kazi, akachomoa waya.

"Wewe! Unataka kumzika mtoto wa watu mara ya pili? Hiyo bodi inafuata vipimo vya diski ingine, inapeleka kichwa cha kusomea mahali si pake, kitaikwaruza. Hamisha ile chipu ndogo ya bodi iliyoungua, uiweke kwenye hii. Hiyo ndiyo inaijua hii diski."

Nikaihamisha, nikaichomelea kwa solda. Safari hii bodi ilisoma vipimo vyake kwanza, ikatulia, ndipo faili zikaanza kupita moja moja. Mama Atieno akachagua moja. Ilianza na mlango ukigongwa: ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo.

"Mama, fungua! Ni mimi!"

Akainuka, akaenda kuufungua mlango wa duka tuliokuwa tumeufunga ili vumbi lisiingie. Nje palikuwa na ukuta wa gorofa ya jirani tu. Alisimama pale mpaka rekodi ikaisha, nami nikalia.

Kwa hiyo mwanangu, ukikabidhiwa kitu cha mtu, usikimbilie kuvuta kilichomo. Tafuta kwanza kinachokijua, hata kama kiko kwenye kipande kilichoungua ambacho ungekitupa. Kikigonga, zima. Mungu akupe mkono mtulivu, na siku waliokutangulia watakapokubishia hodi, akupe moyo wa kuwafungulia.