Boti za Mawese na Wenye Walikausha Tangi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya Leta, ndiyo serikali, nilipewa kitambaa na bidoni tupu, lile dumu la mafuta, nikaambiwa nimufuate Papa Kisimba bandarini na nisiseme neno mpaka aniulize. Papa Kisimba alikuwa fundi mukubwa wa mashine za boti. Alinitazama mikono kwanza, uso baadaye. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamujibu, mpaka pale minerivali, zile pesa za shule, ilipomushinda baba.

"Inatosha kusoma saa ya joto ya mashine," akasema. "Mengine nitakutukana mpaka uyajue."

Alinitukana kweli, na niliyajua. Mambo ninayoandika hapa yanatoka kwake. Ninayaandika kwa ajili ya vijana wa Kalemie wenye wanaona leo pikipiki za umeme zikipita bila kulipa kodi, na wanafikiri Leta imeanza jana kusamehe watu kodi ili wabadilishe mafuta. Haikuanza jana. Sisi tulitangulia, na kuna wenzetu wenye hawakurudi.

Biro yetu, ofisi ya kukagua boti, ilikuwa mupya, na leo haiko tena. Mazutu, yale mafuta ya dizeli, yalikuwa yanakuja kwa shida, kwa gari au kutoka ng'ambo ya ziwa, Kigoma, na mara nyingine hayakuja kabisa. Lakini mawese tunayakamua sisi wenyewe pembeni ya ziwa. Basi jimbo likatoa arete, ndiyo karatasi ya amri: boti yenye itatembea na mafuta ya mawese haitalipa kodi ya mwaka, na itapewa nafasi ya mbele bandarini wakati wa kupakia. Kazi yetu ilikuwa kukagua mashine, na boti ikifaa, kuipaka mustari wa kijani puani, mbele yake.

Mwenye alitufundisha ni Enjinia Lubaba. Sitamunyima haki yake, alijua na alifundisha vizuri. Mawese ni mazito, hayapiti kwenye mirija midogo ya mashine mpaka yapate joto. Kwa hiyo boti inakuwa na matangi mawili. Moja ndogo ya mazutu, moja kubwa ya mawese, na murija wa shaba unazungushwa kwenye bomba la moshi ili mawese yapashwe moto njiani. Unawasha mashine na mazutu. Ikishapata joto, unageuza kifungulio, unaingiza mawese. Na kabla ya kuzima lazima urudishe mazutu, yasafishe mirija, maana mawese yakipoa humo ndani yanaganda na mashine haiwaki tena. Enjinia alitukaririsha kama wimbo wa kanisani: mazutu inafungua, mawese inatembea, mazutu inafunga.

Nilifanya kazi hiyo Kalemie, kisha wakanituma Moba, kisha wakanirudisha. Kila mahali nilikuta wizi ni ule ule. Wenye boti walipata mustari wa kijani, kodi wakasamehewa, halafu ziwani walitembea na mazutu mwanzo mpaka mwisho, mawese wakayauza sokoni. Shefu wa biro, Papa Ngoie, alikasirika. Akaongeza amri yake juu ya ile ya jimbo: tangi la mazutu lifungwe na plombi, ule waya mwembamba wenye kipande cha risasi kinachobanwa na koleo. Tuliwasha mashine bandarini, tukageuza mawese, tukafunga plombi. Ajenti wa bandari ya kufika ndiye alikata. Ukifika na plombi iliyokatika, musamaha wa kodi unakwisha, na faini juu.

Mafundi tulipata dawa yetu. Kila mumoja alificha chupa ya mazutu chini ya nguo zake, ya kutosha kuwasha mashine mara moja ikizimika njiani. Tuliiita chupa ya huruma. Wakaguzi tuliijua, maana sisi wenyewe tulikuwa mafundi, na hatukuiona hata ikiwa mbele ya macho. Shefu Ngoie naye aliijua. Enjinia Lubaba aliijua kuliko wote. Kazi ilitembea hivyo, amri kwenye karatasi na chupa chini ya shati.

Ikafika siku ya wageni kutoka Kinshasa. Walikuja kutazama kama mupango wetu unafaa kupelekwa majimbo mengine. Boti yenye ilichaguliwa ilikuwa ya Patron Sadiki, mufanyabiashara, na fundi wake siku hiyo alikuwa Papa Kisimba, kwa sababu biro ilitaka muntu wa kuaminiwa. Mimi nilikuwa musaidizi wake. Abiria walikuwa wamekwisha kupanda, mama za soko na magunia yao, wanafunzi wenye walikuwa wanarudi kwao Moba.

Shefu Ngoie alishuka gatini na viatu vya kung'aa. Akasema leo hataki hata harufu ya mazutu ndani ya boti hii. Wageni watafungua tangi na watatazama. Likaushwe. Na zile chupa zetu, anazijua, tuzitoe moja moja bila kumulazimisha atupekue.

"Shefu," Papa Kisimba akasema, "mashine ikizimika ziwani tutaiwasha na nini?"

"Isizimike."

Patron Sadiki akacheka, akasema Papa Kisimba siku hizi anaogopa maji kama mbuzi. Watu wa gatini wakacheka naye. Papa Kisimba hakucheka. Aligeukia kwa Enjinia Lubaba, mwenye alikuwa amesimama pale na karatasi za kuonyesha wageni.

"Enjinia, wewe njo mwenye ulitufundisha. Sema."

Enjinia alitazama ziwa. Ilikuwa asubuhi nzuri, maji yametulia. Akasema, "Ni safari ya siku moja tu, Papa. Muangalie joto."

Tuliwasha, tukageuza mawese, nikanyonya mazutu kutoka tangini na murija, nikayamimina kwenye bidoni za biro. Chupa yangu nikaitoa, na ya Papa Kisimba akaitoa mwenyewe, akaiweka karibu na kiatu cha Shefu. Wageni walipiga picha za tangi kavu. Hawakupanda. Patron Sadiki naye hakupanda, alibaki kuwapeleka kula.

Adhuhuri upepo wa kusini ukaamka. Hiyo peke yake si kitu, boti za kwetu zinaijua. Lakini tulipita juu ya wavu uliokatika, ukajifunga kwenye helisi, ile feni ya chini yenye inasukuma boti. Mashine ikaanza kulia. Ukiilazimisha hapo, chuma chake kinavunjika. Papa Kisimba akaizima. Fundi yeyote angeizima. Mimi nikashuka majini na kisu.

Wavu ulikuwa mugumu, na boti inapanda na kushuka juu ya kichwa changu. Nilipoumaliza na kupanda, nilimukuta Papa Kisimba ndani ya sanduku la mashine, anapapasa murija wa shaba kama muntu anapapasa muguu wa mugonjwa. Mawese yalikuwa yameganda. Tulizungusha mashine kwa mukono mpaka mabega yakakataa. Akaomba chochote cha moto. Mama mumoja kijana akatoa termosi yake ya chai, nyekundu, kifuniko kimefungwa na kipande cha kitenge. Papa Kisimba alifunga matambara kwenye murija, akamimina chai juu yake kidogo kidogo, hata tone halikupotea. Mashine ikakohoa. Nilifikiri tumepona. Ikanyamaza.

Boti bila mashine inageuza ubavu wake kwa mawimbi. Papa Kisimba akaniambia, bila kugeuka, "Panda juu, uwaambie wahamie upande ule, polepole. Mama wasikimbie." Nilipanda. Nilikuwa bado ninasema polepole wakati wimbi lilitupindua. Yeye alikuwa ndani ya sanduku. Mimi nilishika bidoni tupu ya mawese, bega langu la kuume limetoka mahali pake, mpaka wavuvi wakanichukua.

Shefu Ngoie alinifuata hospitalini na ripoti iliyokwisha kuandikwa. Ilisema fundi Kisimba alizima mashine kwa uamuzi wake mwenyewe, kinyume cha maagizo, na njo chanzo cha ajali. Ya tangi kavu haikuwa ndani. Enjinia Lubaba alikuwa ameweka sahihi. Patron Sadiki alikuwa ameweka sahihi. Ilibaki yangu.

"Kisimba amekufa, haitamuumiza tena," Shefu akasema. "Wewe uko hai, na una watoto."

Nikamuonyesha bega. Nikasema mukono hauwezi kuandika. Akasema basi nitie kidole. Nikamwambia hata kidole hakitaki.

Ripoti ilipita bila mimi. Muji mzima ukasikia kwamba Papa Kisimba njo aliua watu. Mujane wake, Mama Feza, anauza ndakala sokoni, vile visamaki vya kukausha. Watu wakazunguka meza yake kama ina ugonjwa. Mama Rejina, mwenye alipoteza binti yake katika boti ile, aligeuza meza yake ili ampe Mama Feza mugongo kutwa nzima. Watoto wa Kisimba waliitwa watoto wa muuaji shuleni. Ndugu za marehemu Kisimba wakaanza kusema afadhali Mama Feza arudi kwao Nyunzu.

Katika familia zetu, matanga hayafungwi mpaka mwenye alikuwa na marehemu mwisho asimame aseme kifo kilikujaje. Waliningojea nitoke hospitalini. Siku hiyo uwanja wa Mama Feza ulijaa, na wengi hawakuja kulia. Mama Rejina alikuja, akasimama nyuma, hakukubali kiti. Sijamaliza hata salamu, akaniuliza.

"Wewe ulikuwa ndani. Mashine, nani aliizima?"

"Papa Kisimba aliizima."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mama Feza akainamisha kichwa.

"Sasa uniulize kwa nini haikuwaka," nikamwambia.

Hakuuliza, lakini nilisema. Nilisema mawese yanafanya nini yakipoa. Nilisema tangi lilikaushwa, na mukono wenye ulikausha ni wangu, kwa amri ya Shefu Ngoie, aliyejua. Nilisema Enjinia Lubaba aliulizwa mbele ya watu akatazama maji. Nilisema Patron Sadiki alikubali ili asipoteze musamaha wake wa kodi, kisha akaenda kula. Nilitaja majina yote matatu polepole, ili asiwepo wa kusema alisikia vibaya. Halafu nikasema Papa Kisimba alifanya nini mpaka mwisho, pamoja na ile chai.

Mama Rejina akauliza termosi ilikuwa ya rangi gani. Nikamwambia, nyekundu, kifuniko kimefungwa na kitenge.

"Nilikifunga mimi, binti yangu akiondoka," akasema.

Kisha akapita katikati ya watu, akavua viatu, akaketi kwenye mukeka wa Mama Feza, bega kwa bega. Mama Feza hakuenda Nyunzu.

Mimi nililipa. Wakanihamisha kulinda gala la bidoni tupu, halafu gala likafungwa, na jina langu likatoka kwenye orodha ya wafanyakazi. Hiyo njo pensheni yangu. Bega linaniamsha mvua ikikaribia. Ile arete ya mawese haikufutwa, iliachwa tu ife. Shefu Ngoie alipandishwa cheo. Patron Sadiki alinunua boti nyingine. Ninatengeneza pikipiki mbele ya nyumba, na ninaandika majina haya kwa sababu kwenye karatasi yao liko jina moja tu, na si la mwenye makosa.

Juzi Enjinia Lubaba alikuja. Amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe. Alikuja na pikipiki ya umeme, akanieleza kwa heshima kwamba jimbo linasamehe kodi pikipiki zenye zinachaji na umeme wa maji unaotoka kule Bendera, na sheria inataka batri zikaguliwe. Wanatafuta muntu wa kufundisha vijana ukaguzi. Alifikiri mimi.

Nikamupa kiti. Nikamuuliza kama amekwisha kufika kwa Mama Feza.

"Bado, Papa. Kazi nyingi."

"Miaka yote hii?"

Akavua kofia.

"Si mbali," nikamwambia. "Ukitoka hapa, kwenye njia panda unakata kuume, unavuka reli, utamukuta na ndakala zake. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulijua. Ukirudi, kesho nitaanza kufundisha."

Alikaa, akageuza kofia yake mikononi. Akasema nimesema kweli, atakwenda. Akaniaga vizuri, akapanda. Pikipiki zile hazina sauti, inabidi uzifuate kwa macho. Nilisimama nikamufuata mpaka kwenye njia panda. Akakata kushoto, njia ya kurudi biro yake.