Mafuta Niliyoficha Ndani ya Keria ya Pikipiki

Chuma kilipasuka mikononi mwa muntu saa nne ya asubui, na ni mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Nikasema uongo.

Wamama wa group hii, wiki tatu zilizopita nilituma sauti hapa. Nilisema Papa Prospère, yule wa kuunga vyuma karibu na gare ya treni, anafanya kazi akiwa amelewa. Wengi mulisikia. Wengi muliipeleka mbele.

Leo naandika yenye yalitokea kweli. Nilisoma shule ya primaire tu, munivumilie.

Binti yangu Carine ni muuguzi. Anabebaka glacière, lile sanduku la baridi la chanjo, mpaka Katanika, ku pikipiki ya zamani ya marehemu baba yake, ile alinunua akingali anafanya kazi ya treni. Mwezi wa tano porte-bagage ikakatika barabarani, ile watu wa Kigoma wanaita keria. Glacière chini, Carine chini. Camion ya nyuma ilifunga breki karibu na kichwa chake.

Toka siku ile, kila akitoka, naangalia barabara mpaka arudi.

Nikapeleka pikipiki kwa Papa Prospère. Aliangalia mguu wa keria wenye ulikatika, akasema chuma cha zamani ni kigumu kuliko cha leo, hatakitupa. Akakata bomba la kuongezea, akalikunja, akapima ku pikipiki mara tatu.

Kila bomba, mbele ya kulifunga, alipuliza ndani na kuchungulia ku mwanga. Nikamuchekelea, nikamuuliza kama ni fundi ao ni mupiga tarumbeta wa kanisa.

"Ni kazi, Mama Carine," akasema.

Sikuuliza zaidi. Laiti ningeuliza!

Umeme ukakatika. Akataka kwenda kutafuta esansi ya jenereta. "Mama, uniangalilie vyuma. Muntu asiguse."

Muntu mwenye aligusa ni mimi.

Mu sakoshi nilikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya maombi, nimeyachanganya na maji. Nilitaka ulinzi usafiri na mutoto wangu kila siku, bila yeye kujua, juu Carine anasemaka woga wangu utamumaliza. Nikamimina ndani ya bomba lenye fundi alikuwa amekwisha kupuliza. Nikapasua kona ya kikwembe changu cha maua ya manjano, nikaisukuma ndani na kijiti, mafuta yasimwangike.

Papa Prospère akarudi, akawasha jenereta. Lile bomba hakulipuliza tena. Alikuwa ameliacha na mimi.

Akafunga mwisho wa kwanza. Kwa wa pili akapandisha miwani yake ya kuungia kidogo aangalie kazi yake. Ndani maji yalikuwa yamechemka, hayana pa kutokea.

Bomba likapasuka usoni mwake.

Watu wakajaa. Carine alikuwa anakuja kuchukua pikipiki, akakimbia, akaanza kumuosha jicho. Mama mumoja akaniuliza ni nini imetokea.

Nikajibu: "Labda alikuwa amekunywa."

Nilisema vile. Nikarudi nyumbani, nikalisema tena hapa, kwa sauti.

Wateja wake wakahamia kwingine. Carine anakula na mimi, ananisalimia, haniulizi kitu.

Juma iliyopita nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwake. Nikamukuta na kitambaa ku jicho la kushoto, anakaza na spana boulon za mwisho za keria yetu. Ameitengeneza na jicho moja.

Nikapiga magoti. "Papa Prospère, ile siku..."

Akafungua sanduku ya spana zake, akatoa kipande cha nguo chenye kuungua pembeni. Maua ya manjano.

"Nilikuwa nakungojea, Mama."

"Nani alikupatia hiki?"

"Carine. Alikiokota akiniosha jicho. Alitaka kusema palepale mbele ya watu, nikamukataza. Nikamuambia, umuache mama yako, atakuja mwenyewe."

Basi siku zile zote mutoto wangu alikuwa anakula na mimi, anajua mimi ni nani.

Fundi aliniomba kitu kimoja tu: kwenye nilisema lile neno, niseme na hili.

Njo maana naandika. Wamama, kumuogopea mutoto hakukupatii ruhusa ya kuficha kitu ndani ya kazi ya muntu. Mafuta ya maombi hayana kosa. Kosa ni langu. Ukitaka kuombea chombo, umuambie fundi, ao uombe na mudomo tu.

Leo asubui Carine alipanda pikipiki. Akaipiga keria makofi mawili, nisikie vile imeshika. Akaenda.

Muganga wa hospitali bado hajatuambia kama lile jicho litarudi.

Wenye mulipeleka sauti yangu mbele, mupeleke na hii palepale mulipoituma ile. Papa Prospère hakukunywa. Hakunywaka hata siku moja.