Mashine Yangu Ilipokataa Nyanya za Mama Tuli

Najicheka mwenyewe kabla hamjanicheka. Kazi yangu ni kuifundisha mashine ndogo inayomulika nyanya na kusema kama ni tamu, bila kuikata. Nyanya tamu za kuifundishia nilinunua Ilula, kwa akina mama wa barabarani wanaozifuta kwa kitambaa cha mafuta ili zing'ae, abiria wazitamani. Zile chachu nilichuma mwenyewe shambani Kalenga, na vumbi lake.

Juzi nikaenda Ilula na mnunuzi wa kiwanda cha sosi. Akatangaza kwamba nyanya itakayokataliwa na mashine haipandi lori. Mama Tuli, mmoja wa wale akina mama, akaleta matenga yake moja kwa moja kutoka shambani. Mashine ikakataa yote. Nikaonja nyanya moja: asali! Jasho likanijaa usoni.

Mama Tuli akaifuta nyingine kwa kitambaa chake cha mafuta.

"Pima sasa, mwanangu."

Mashine ikaandika: TAMU.

Mnunuzi akanikazia macho.

"Kumbe inapenda kinachong'aa tu," Mama Tuli akasema. Akanishika mkono, akaielekeza mashine kwenye paji langu la uso.

Ikaandika: TAMU SANA.