Mzunguko wa Mwizi

Ufundi wa magari nilijifunza Buyenzi, kule Bujumbura, kwa mzee mmoja ambaye hakumwamini mtu yeyote. Wezi wa mtaa ule waliweza kukushushia tairi la akiba wakati unanunua sigara, maana kwenye magari makubwa aina ya jipu tairi hilo hukaa chini ya gari, upande wa nyuma, limening'inia kwa mnyororo. Mnyororo unavutwa na winchi ndogo, na winchi unaizungusha kwa manivela, chuma kirefu unachokipitisha kwenye tundu la bampa. Mzee alitufundisha kwamba tairi likishapanda na kukaza, kazi haijaisha. Unavika bomba kwenye manivela ili upate nguvu, unakaza mara moja zaidi mpaka mnyororo ulie, kisha unafunga na waya. Tuliuita mzunguko wa mwizi. Fundi asiyeufanya tulimwona bado mwanafunzi.

Vita viliponifikisha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka sikuwa na spana hata moja, lakini mzunguko wa mwizi nilikuwa nao. Mchungaji wetu, mtu wa Bukavu, alikuwa na jipu kuukuu la kanisa. Siku moja alirudi nalo kutoka gereji moja ya mjini, mtaa wa Kawale, walikoziba pancha, akaniomba nimtazamie breki. Nikaona tairi la akiba limekazwa kistaarabu tu, kazi ya watu waliozaliwa kwenye nchi ya amani. Nikawacheka. Nikavika bomba, nikakaza kama nilivyofundishwa, nikafunga waya. Mchungaji sikumwambia. Siku zile sikuwa na kitu kingine cha kumpa mtu, na kutenda wema kwa siri kulinifanya nijione bado fundi.

Kisha mvua zikanyesha, matope na kutu vikafanya yao huko chini.

Mvua zilipokwisha, jirani yangu alipata habari za mumewe. Alikuwa Mrundi kama mimi, mama wa watoto watatu, muuza nyanya, na kila mtu alikwisha kumhesabu mjane. Msafiri akamletea barua kutoka Zambia: mume yu hai, lakini wenzake wanaelekea kusini zaidi, naye atawafuata mwisho wa mwezi asipomwona mkewe. Kumjibu kwa barua kungechukua miezi. Ilibidi mama aende mwenyewe, na ili aende alihitaji karatasi ya safari kutoka ofisi moja ya serikali, Capital Hill, kule mjini. Afisa wa huko alimpa siku, akamwambia afike kabla ya saa sita, kwani mchana huohuo yeye anaanza likizo. Mchungaji akajitolea kumpeleka. Mimi nikaambiwa nipande pia, maana jipu lile halikuwa la kusafiri bila fundi.

Saa tatu na nusu tairi la nyuma likapasuka, karibu na njia ya kwenda Kauma. Kutoka pale hadi Capital Hill ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

Nikachomeka manivela nikazungusha. Ikakataa. Nikajua palepale. Mnyororo ulikuwa umepandiana kwenye winchi ukajing'ata, na aliyeung'atisha ni mimi. Mchungaji akauliza kuna nini, nikasema kutu.

Mama alishuka. Alikuwa na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki na viatu vya kuazima. Akaniuliza polepole, "Fundi, mi niende na miguu? Nitafika."

"Bakia tu, mama," nikamwambia. "Dakika kumi."

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilisema vile. Nadhani niliona akiondoka kwa miguu nitakuwa nimekiri kwamba fundi wa Buyenzi ameshindwa na kazi ya mikono yake mwenyewe. Basi nikavuta, nikapiga nyundo, nikavika bomba tena kwenye manivela. Kila nilivyozidisha nguvu, ndivyo winchi ilivyozidi kukaza. Ngozi ya kiganja ikachubuka. Watu waliokuwa wakitoka mashambani walisimama, wakatuambia pepani, yaani pole kwa lugha ya huko, wakaenda zao. Nilikuwa nimechoka kuanzia asubuhi, nimechoka tangu Bujumbura ukinipa nafasi niseme ukweli, na uchovu ule ukageuka hasira juu ya chuma.

Saa nne na nusu minibasi ikasimama. Ina nafasi moja. Mama hakumtazama konda wala mchungaji, alinitazama mimi. Nikasema tunamaliza. Minibasi ikaenda.

Mchungaji akaketi kwenye jiwe akajifuta jasho. "Bale ba gereji ya Kawale njo baliharibu hii kitu," akasema.

Nikasema labda.

Ilipokaribia saa tano na nusu nguvu ziliniishia, nikalala chali chini ya gari bila kufanya lolote. Hapo ndipo akili ilirudi. Tairi zito linaning'inia kwenye mnyororo, nami nalazimisha mnyororo ulegee ukiwa na mzigo! Nikakata waya, nikaweka jeki chini ya tairi la akiba, nikaliinua kidogo. Mnyororo ukalegea. Nikaugonga mara mbili ukajinasua, na manivela ikazunguka kwa mkono mmoja. Kazi yote ilichukua dakika kumi. Kipande cha waya kilinidondokea kifuani, nikakificha mfukoni kabla sijatoka.

Tulifika Capital Hill saa sita na robo. Mlinzi akasema afisa ameondoka sasa hivi, turudi baada ya mwezi. Mama akamshukuru kwa lugha yake, zikomo, akashika bahasha yake kwa mikono miwili, akarudi garini.

Mwezi ulipopita alipata karatasi yake, akaenda, akarudi peke yake. Mume alikwisha kuondoka, na hakuna aliyejua amekwenda nchi gani. Jioni aliyofika alikuja kwangu kabla hata ya kufungua kanga aliyofungia nguo zake.

"Njo we wa kwanza naambia," akasema, "sababu ulihangaika sana na mi siku ile. Mpaka mikono ikatoka damu."

Waya ule nilikuwa nimeutundika kwenye msumari mlangoni, nyuma ya kichwa chake, nao nilikuwa nauona wakati anasema. Nilifungua kinywa nimwambie. Kisha nikamwambia pole, mama, nikamkaribisha akae.