Bakuli la Mtu wa Tatu

Nyumba ya Ndung'u na mkewe Warigia ilikuwa juu kidogo ya barabara ya kutoka Ruiru kwenda Thika, na ilikuwa na bahati mbaya ya kuonekana. Mtu aliyetembea tangu asubuhi akitafuta kibarua kwenye mashamba ya kahawa aliinua macho, akaona moshi, na miguu yenyewe ikakata kona. Ndung'u alikuwa mchonga mawe katika machimbo ya karibu, mtu wa maneno machache. Warigia ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili.

Hawakujaliwa mtoto. Wazee walimshauri Ndung'u aoe wa pili. Akawasikiliza kwa heshima, akawamiminia uji, wakaenda zao, naye hakuoa. Badala yake mume na mke walinogewa na wageni kama wengine wanavyonogewa na pombe. Kila jioni Warigia alipika githeri, mahindi na maharagwe, ya watu watatu. Bakuli la tatu lilifunikwa kwa jani la mgomba, likawekwa kando ya mafiga, na hapakuwa na wa kuligusa kabla jua halijazama. Asipotokea mtu waligawana, na Warigia alinuna kana kwamba amekosewa. Akitokea, hakuulizwa jina mpaka ashibe. Wengine huunganishwa na mbuzi wa mahari. Hawa waliunganishwa na chakula cha mtu wasiyemjua.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Serikali ya mkoloni ikatangaza kwamba anayewalisha watu wa msituni, wale waliokuwa wakiipiga vita, naye ni mtu wa msituni. Na mtu wa msituni hana pembe. Utamjuaje, nawe humuulizi jina? Mburu, jirani yao, alimpa mpita njia viazi viwili, na kesho yake nyumba yake ikachomwa.

"Kuanzia leo, pika ya watu wawili," Ndung'u akasema.

"Na akija mtu?"

"Mwambie hakuna."

"Mwambie wewe, mzee. Mimi mdomo wa kusema hivyo sina."

Lakini alitii, na kutii huko kulimuuma. Alipopima mahindi, mkono ulijiendea wenyewe kwenye gunia kuteka ya mgeni, akaurudisha. Siku moja alimfukuza mlangoni mwanamume aliyevimba miguu, kisha akaketi kwenye kigoda akalia. Ndung'u alikuwa ndani, alisikia yote, hakusema neno. Warigia alimkasirikia kwa hilo. Alitaka aone gharama ya amri yake.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya miti ya kahawa, homugadi, askari wenyeji wa serikali, wakaingia kupekua. Aliyewaongoza ni Gichuru, kijana wa hapo hapo kijijini, ambaye miaka ya nyuma alikula nyumba ile mpaka akalamba vidole. Mume na mke walikuwa wakila. Gichuru akasukuma kuni kwa kitako cha bunduki, na nyuma ya kuni kukaonekana bakuli la githeri, limefunikwa kwa jani, bado lina joto.

Warigia alishtuka kuliko wote, maana hakuliweka yeye. Akatazama bakuli la mumewe, akaona limepungua nusu. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mbavu za Ndung'u zilikuwa zimetokeza, na kwa nini kila alfajiri alitangulia kutoka. Alikuwa anajinyima, anabeba chakula, anakiacha vichakani kando ya barabara kwa yeyote atakayepita.

"Hii ni ya nani?" Gichuru akauliza.

Ndung'u hajafungua mdomo, mkewe akamtangulia. "Si mimi. Mimi niliacha tangu mzee aliponikataza."

Alisema hivyo ili mumewe ajue kwamba ametii. Masikio yake yalisikia maneno hayo kinywa kikiwa kimeshafungwa.

"Kumbe mlikuwa mnawalisha," akasema Gichuru.

Wakamtoa Warigia nje. Aliposimama uani alisikia sauti ya Ndung'u mle ndani, ya chini, akizungumza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, lakini maneno hakuyashika. Kisha akatolewa amefungwa mikono.

"Kula, Warigia," alimwambia alipompita. "Isipoe."

Wakaenda naye. Warigia alikaa akingoja zamu yake ya kuitwa kituoni, kila kukicha, na hakuitwa. Baadaye watu wote wa upande ule walihamishwa, wakajazwa katika kijiji kipya chenye handaki na ua wa miti iliyochongwa, na nyumba ya juu ya barabara ikatiwa moto. Katika kijiji kile wanawake waliombana chumvi na moto wa jikoni, lakini kwake hawakuja. Akimkaribisha mtu, alichekwa chini chini. "Leo jua limechomoza magharibi," walisema. Alidhani wanaogopa mkosi wa mke wa mfungwa, na upweke ukamla.

Miaka ilipita ndipo Kagwe, mtu wa Thika aliyeachiliwa kutoka kambi ya wafungwa, akaja kusimama mlangoni pake. Alimwambia kwamba Ndung'u alishikwa na kuhara damu, akafa, na alizikwa huko huko.

"Ingia ukae," akasema Warigia. "Nikupe uji."

"Hapana, maitu, mama yetu, usijisumbue. Mzee alituambia."

"Aliwaambia nini?"

Kagwe akatazama miguu yake. "Kwamba wewe ni mchoyo. Kwamba yeye ndiye aliyelisha watu, kwa siri, kwa sababu wewe ulikuwa unawanyima hata maji. Aliwaambia homugadi hivyo siku ile aliyoshikwa, na kambini kila alipopigwa aulizwe habari zako. Hata sisi wenzake hakutuambia lingine."

Warigia akashika mwimo wa mlango. Alielewa sasa kwa nini hakuitwa kituoni, na alielewa vicheko vya wanawake. Ulimi ulimwasha kumwambia mtu huyu ukweli, angalau mmoja tu duniani aujue. Lakini Gichuru bado alishika bunduki pale langoni mwa kijiji, na uongo ule Ndung'u alikuwa ameulipia kwa mwili wake mpaka akafa.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ni mchoyo."

Kagwe akaitikia kwa kichwa, bila kushangaa, akaishika njia ya Thika na kiu yake.