Rozari Inashika Nyasho

Dada yangu alijaliwa vyote mapema: nyumba Nyasho, Musoma mjini, mume mpole, sato wabichi wa ziwani kila akitaka. Mimi huku Kiabakari nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumringia. Mama alikuwa anakaa kwangu. Na hicho nacho kikaondoka, kisa redio!

Mama hakosagi rozari ya jioni. Redio ya kanisa ilirusha matangazo kutoka Musoma kwa mtambo mdogo, na kwangu ilisikika vizuri tu. Ikifika saa kumi na mbili nilikuwaga namfungulia, namwekea kiti barazani, naenda zangu jikoni. Halafu redio nyingine ikasimika mtambo wake Bunda, masafa karibu yaleyale. Sisi tuko katikati. Mama yuko tendo la tatu kati ya matano ya rozari, mara linaingia tangazo la magodoro. Ukigeuzia redio huku, Bunda inashinda. Ukigeuzia kule, Musoma inarudi, ukiiachia tu imepotea.

Wiki ya pili mama akafunga kanga zake. "Kwa dada yako inashika vizuri. Wacha nikasalie kule."

"Haya mama," nikasema, huku roho inaniuma.

Wivu ule, acha tu! Nikipiga simu Nyasho nasikia vicheko nyuma. Siku moja nikamuuliza dada kama redio inashika kweli. "Huku? Hata sufuria inashika!" Nikamkatia simu. Mwenye nacho huongezewa, lakini hata mama jamani?

Nikaita fundi. Akasema redio yangu ni nzima, mawimbi ndiyo yanagongana, niweke antena juu na kuielekeza Musoma. Nikapanda bati mwenyewe, na umri huu, nikafunga antena kwenye mlingoti wa mkonge. Siku tatu nageuza, nashuka kusikiliza, napanda tena. Jirani akacheka, "Mama, unatafuta mbingu?" Siku ya nne Musoma ikaingia safi, magodoro yakanyamaza. Nikapanda gari siku hiyohiyo kwenda kumchukua mama yangu.

Nilifika Nyasho saa kumi na mbili kasoro. Redio ya dada ilikuwa kabatini, imefunikwa kitambaa, vumbi juu. Mama na dada walikuwa mkekani wanachambua maharage. Mama anaongoza rozari, dada anaitikia.

"Mbona hamjafungua redio?"

Mama akanishangaa. "Ya nini, mwanangu? Kwako nilikuwa nasali na redio kwa sababu sikuwa na mwenzangu."

Habari ya antena niliimeza. Nikavua viatu, nikakaa. Mama akaniambia niongoze tendo la nne. Nikatafuta kichwani, wapi! Miaka yote ile tendo la nne lilikuwa linanikuta jikoni. Dada akalitaja kwa ajili yangu, taratibu, bila hata kunicheka, na wivu ukanishika upya.