Banjo la Bibi

Jirani akifukiza ubani, vidole vyangu vya mkono wa kulia hucheza vyenyewe pajani, hata nikiwa na wageni.

Banjo la bibi lilikuwa la ngozi ya mbuzi. Masika ngozi ililegea, basi tulikuwa tukiipasha moto juu ya chetezo cha ubani mpaka ikaze. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia. Nilikuwa nikikaa ubavuni mwake, yeye akibana nyuzi kwa mkono wa kushoto, mimi nikizipiga kwa unyoya wa kuku. Kipande kilekile kifupi cha kufungulia nyimbo, kila siku.

“Nshakwambia usikimbie. Uache uzi ulie kwanza.”

“Mkono umechoka, bibi.”

“Wako umechoka, wangu ushalala. Haya, piga.”

Siku moja kikatoka kizima, bila ya kukwama. Jirani akapaza sauti kutoka dirishani: “Bi mkubwa! Ushapona?”

Bibi akaniwekea kidole mdomoni.

“Alhamdulillahi!” akajibu, akicheka.

Banjo sasa liko kwangu. Leo nimelipasha moto, ngozi imekaza. Mkono wa kulia unakijua kile kipande chote. Wa kushoto nimeulaza juu ya nyuzi, haujui pa kubana.